Chafya ya Mwenyekiti

Neno moja lilipotea kwenye mkataba wa Mikdad kwa sababu Mzee Bwanausi alipiga chafya, na mimi nikaona haya kumuuliza alisema nini.

Siku ile tulikuwa watatu kwenye ofisi ya klabu. Ofisi yetu ni nusu ya ghala la mwani. Nusu ya pili ni mwani wenyewe, umekaushwa na kushindiliwa kwenye magunia hadi darini. Mzee Bwanausi, mwenyekiti wa Mwani FC ya Mlingotini, alikaa juu ya gunia akisema, nami katibu wake nikiandika. Mikdad, mshambuliaji wetu, alisimama mlangoni amevaa kanzu ya Ijumaa kama mtu aliyekuja kuposa. Hatukuwahi kumwandikia mchezaji mkataba kabla ya hapo. Wachezaji wetu walicheza kwa sababu wamezaliwa hapa. Lakini msimu ule Mikdad alifunga mabao ishirini na mawili, na Mzee alikuwa amesikia redioni kwamba mchezaji wa namna hiyo asipofungwa kwa karatasi huchukuliwa.

"Andika," akasema. "Mkataba huu utakoma mwisho wa..."

Hapo vumbi la mwani likampanda puani. Akapiga chafya iliyomwondolea kofia kichwani.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Yarhamukallah," tukajibu mimi na Mikdad.

"...sita," akamalizia, akainama kuokota kofia.

Nikaandika: mkataba huu utakoma mwisho wa sita.

Nilijua kuna neno halipo. Nimesoma chuo miaka miwili, utunzaji wa kumbukumbu, na mwalimu wetu alikuwa akirudia kila wiki kwamba mwandishi asiyeuliza hugeuka mtunzi. Lakini Mzee Bwanausi ndiye aliyenifundisha juzuu ya kwanza. Kumwambia sikusikia kungekuwa sawa na kumwambia chafya yake ilikuwa kubwa mno. Nikajiambia nitamuuliza kesho. Kesho nikaona haya zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika pia kueleza kwa nini sikuuliza jana. Karatasi ikatiwa saini, ikapigwa muhuri, ikawekwa kwenye kopo la biskuti pamoja na filimbi ya refa.

Ilikaa humo karibu mwaka mzima bila mtu kuifungua.

Aliyeifungua ni Bwana Mazin. Ana duka la vifaa vya ujenzi Bagamoyo mjini, na mbali na saruji na misumari huitafutia wachezaji timu moja ya Dar iliyoko daraja la kwanza. Alikuja na pikapu yake siku mbili baada ya Maulidi, akatusalimia kwa urefu unaostahili, akaulizia afya za watu ambao wengine wetu tulikuwa tumesahau kama ni wagonjwa, kisha akasema anamtaka Mikdad na angependa kuuona mkataba. Akausoma mara mbili. Akavua miwani.

"Sita gani?" akauliza.

Wote wakanigeukia. Nikavuta ushungi mbele kidogo na kusema niliandika nilichosikia. Mikdad akaulizwa, maana naye alikuwepo. Akasema alisikia sita.

Tatizo likajieleza lenyewe. Kama neno lililopotea ni "mwezi wa", basi mkataba ulikufa mwisho wa Juni, Mikdad yuko huru, na Bwana Mazin anaweza kumpakia kwenye pikapu saa ile ile bila kutupa hata shukrani. Kama neno ni "mfungo", basi mkataba ungali hai. Huku kwetu mwezi unaofuata Ramadhani ni mfungo mosi, unafuata mfungo pili, na kuendelea. Mfungo sita ndio wa Maulidi, na ndimo tulimokuwa. Mimi mwenyewe nilizaliwa mfungo sita. Ndiyo maana naitwa Maulida.

Mzee Bwanausi alipoulizwa alisema hakumbuki alisema nini, ila anakumbuka chafya. Ilikuwa chafya nzuri, akasema, ilimfungua kichwa.

Hapo Bi Miza, mweka hazina wetu na kiongozi wa akina mama wa mwani, akatoa wazo. Akasema Mzee apige chafya tena, mbele ya kikao. Mara moja akiwa anasema "mwezi wa", mara moja akiwa anasema "mfungo", nasi tusikilize ni neno lipi linamezwa lote na lipi linabakiza mkia. Nilidhani anatania. Alikuwa ameshatuma mtu akachukue ugoro kwa mama yake.

Nikaandika kwenye muhtasari: ajenda ya pili, chafya.

Mzee alivuta ugoro kwa mikono miwili. Akasema "mwisho wa mwezi wa" akapiga chafya mapema, kwenye "mwisho". Akajaribu "mwisho wa mfungo sita" akalimaliza salama bila chafya, tukabaki tukimtazama, na chafya ikaja baada ya dakika nzima wakati anapokea maji. Mara ya tatu akapiga tano mfululizo bila neno lolote katikati. Bi Miza alikuwa akihesabu silabi kwa vidole na akatangaza kwamba maneno yote mawili yana silabi tatu, kwa hiyo kwa upande wa vipimo ni sare. Bwana Mazin alikuwa akiandika naye. Hakuna aliyecheka, jambo lilikuwa kubwa.

Ndipo Bi Miza, bila kubadilisha sauti, akauliza, "Mzee, kwani yule mjukuu wako mkubwa aliolewa lini?"

"Mfungo mosi," akajibu Mzee, machozi ya ugoro yakimtiririka.

Bwana Mazin akafunika kalamu. Akasema imetosha. Mtu anayejibu hivyo akiwa hana hata muda wa kupumua, akasema, huyo ni mtu wa mifungo, na yeye kama mtoto wa pwani hawezi kubisha. Mkataba uko hai hadi mwisho wa mfungo sita. Akaomba tu iandikwe vizuri safari hii: mwezi ukiandama, mkataba umekwisha hapo hapo, hata kama mtu hajamaliza chai yake. Bi Miza akauliza mwezi wa wapi, maana siku hizi kuna wanaofuata mwezi wa nchi nyingine. Tukakubaliana uwe mwezi utakaoonekana kwa macho hapa Mlingotini, na shahidi awe Mzee Bwanausi, kwa kuwa ndiye anayetutangazia miezi yote tangu sisi hatujazaliwa. Nikaandika kila neno. Niliikaza kalamu nisije nikaacha hata "na".

Kisha Bwana Mazin akatoa orodha yake.

Alisema hamnunui Mikdad. Mikdad mwenyewe baada ya siku kumi na tano au kumi na sita atakuwa bure. Anachonunua ni siku zilizobaki, kwa sababu timu ya Dar ina mechi nne kabla ya mwezi kwisha na inamhitaji sasa. Kwa siku hizo alikuwa tayari kutoa mabati ishirini ya kuezekea chumba cha kuvalia, seti mbili za jezi, jozi kumi na tano za viatu vya njumu, nyavu mbili za magoli, mipira kumi, na pampu ya mkono na sindano yake.

Kwa klabu ambayo magoli yake hayakuwahi kuwa na nyavu, ambayo baada ya kila bao ilibidi mtu aingie mikokoni kutafuta mpira, orodha ile ilisomeka kama dua. Bi Miza akasema tuuze leo, tena kabla Bwana Mazin hajafika barabarani. Nilimuunga mkono kwa kichwa. Mikdad naye, aliyekuwa amekaa kwenye lundo la kamba, alikuwa anazitazama zile nyavu kwenye karatasi na kutabasamu peke yake.

Mzee Bwanausi akakataa. Akaeleza kwa utulivu kwamba kitu kikibaki kidogo bei yake hupanda. Nanasi la mwisho sokoni Kiwangwa huuzwa ghali kuliko la kwanza. Leo Mikdad amebakiwa na siku kumi na tano, nyingi mno, ni sawa na kuuza msimu wa mavuno. Tungoje zibaki tano. Zikibaki mbili, Bwana Mazin ataongeza hata saruji. Na zaidi ya hayo, tarehe ishirini na tano ya mfungo tuna nusu fainali ya kombe la wilaya dhidi ya Kiwangwa wenyewe.

Bwana Mazin akasema Mzee ni mkubwa wetu, hawezi kumpinga, ila dukani kwake siku zikipungua na vitu hupungua. Akaagana nasi mmoja mmoja. Mimi akaninong'oneza, kwa upole sana, kwamba ataniachia orodha ile na atanipigia simu kila atakapofuta kitu.

Ndivyo bei ya Mikdad ilivyofungamana na mwezi. Ulikuwa mpevu alipokuja, na kuanzia hapo ukaanza kumegeka, nayo orodha yangu ikaanza kumegeka.

Usiku wa kumi na saba yakaondoka mabati. Usiku wa ishirini, jezi. Mzee kila nikimpelekea habari alisugua viganja na kusema vizuri, sasa ameanza kuogopa.

Mikdad alikuwa akija ghalani kila asubuhi na magunia ya mama yake, Bimdogo, kabla ya kwenda mazoezini. Mikdad hufunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa haraka kuliko mwanamke yeyote wa kijijini, na hasemi sana. Nadhani ndiyo sababu tunaelewana. Mwanzo aliuliza kwa utani.

"Katibu, leo nimebaki nini?"

"Njumu, nyavu, mipira kumi na pampu," nikamjibu.

"Bado nina afya," akasema, akacheka, akabeba gunia lingine.

Siku ya ishirini na tatu aliuliza akiwa amenipa mgongo. Nikamwambia nyavu, mipira minne, na pampu. Akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Kisha akauliza kama nina hakika ni minne, isije ikawa nimesikia vibaya. Nilitamani niwe nimesikia vibaya. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimesikia kila kitu sawasawa.

Asubuhi ya nusu fainali zikafutwa nyavu na mipira miwili. Nilikusudia kumficha, lakini kijiji chetu ni kidogo, na Kiwangwa nao walikuwa wamepata habari. Walikuja na lori zima. Kila Mikdad akigusa mpira walipaza sauti kwa pamoja: "Pampu! Pampu!" Mmoja akasimama kwenye mstari akiwa ameinua nanasi juu.

"Mwenyekiti," akaita, "mnauza? Tuna hili hapa, bivu. Chenji baki nayo."

Dakika ya themanini tulipata penalti. Mikdad alikuwa hajawahi kukosa penalti tangu akiwa na meno ya utoto. Aliuweka mpira chini na kuutazama muda mrefu, mrefu hata refa akaangalia saa. Kisha akausogeza kwa mguu polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, ukabingirika hadi mikononi mwa kipa. Tukafungwa moja bila.

Jioni ile nilimkuta nyuma ya ghala. Sikumuuliza. Alisema mwenyewe.

"Nimebaki mipira miwili, si ndiyo?"

Nikaitikia.

"Basi ule ulikuwa nusu yangu, Katibu. Nilishindwa kuupiga kwa nguvu."

Nililala na neno hilo. Chuoni tulifundishwa kwamba kosa la mwandishi hukaa kwenye karatasi na karatasi hukaa kwenye jalada. Hatukufundishwa kwamba linaweza kutoka huko, likavaa njumu na kwenda kupiga penalti. Kama ningesema "sijasikia, Mzee" siku ile moja, mkataba ungesema tarehe, na tarehe ingefika na kupita kimya kimya, na hakuna mtu ambaye angemhesabu Mikdad kwa mipira.

Siku ya ishirini na tisa asubuhi simu ikalia. Bwana Mazin akasema samahani sana, imebaki pampu na sindano tu, na hiyo pampu ni kwa heshima ya Mzee, kwa sababu huenda mwezi ukaandama leo hii. Nikaenda kwa Mzee Bwanausi. Safari hii hakusugua viganja. Alikaa, akatazama upande wa uwanja, akaniuliza kama hiyo pampu ni mpya. Nikasema sijui. Akasema basi mwambie aje nayo leo baada ya alasiri, tumalize kabla ya magharibi. Akasema klabu haiwezi kutoka mikono mitupu. Nilimuonea huruma yeye pia. Alisema hivyo kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu.

Nilimwambia Mikdad mimi mwenyewe. Niliona si haki alisikie kwa mwingine.

Alitua gunia chini. Halafu akasema, "Sikatai kuuzwa. Nyavu zingefaa, mabati yangefaa. Hata mpira mmoja ningekubali, ungechezewa. Lakini nikifika Dar wataniuliza, wewe ulinunuliwa kwa nini? Niseme sindano?"

Alasiri tukakaa: Mzee juu ya gunia lake, Bi Miza, Bwana Mazin na pampu iliyofungwa kwenye gazeti, na mimi na karatasi nyeupe. Mikdad alikuwa mlangoni. Hakuvaa kanzu. Uwanja ulionekana nyuma yake, na goli la magharibi, milingoti miwili na mmoja wa juu, kati yake hakuna kitu isipokuwa jua lililokuwa linashuka.

"Andika," akasema Mzee Bwanausi. "Klabu ya Mwani, kwa hiari yake, inamuuza mchezaji wake..."

Niliweka kalamu chini.

"Samahani, Mzee," nikasema. "Sijasikia."

Akanitazama kama aliyesikia gunia linazungumza. Akarudia, polepole, kwa sauti kubwa zaidi.

"Hiari ya nani, Mzee? Ya klabu au ya Mikdad? Maana hapa 'yake' inaweza kwenda kokote."

Akafikiri. Akasema ya klabu. Nikaandika. Nikauliza kama Mikdad aandikwe majina mawili au matatu. Nikauliza kama "inamuuza" itoshe au iwe "inauza siku zake zilizobaki", kwa kuwa ndivyo muhtasari wa kwanza unavyosema. Ikabidi muhtasari wa kwanza usomwe. Niliusoma wote, pamoja na ajenda ya pili. Nikauliza siku zilizobaki ni ngapi, na kama leo ni siku au ni sehemu ya siku. Nikauliza pampu iandikwe ya mkono au ya mkononi. Sauti yangu ilitetemeka kwa kila swali, na kwa kila swali lililofuata ilitetemeka pungufu kidogo. Mikdad alikuwa amesogea ndani hatua moja.

Bi Miza alinitupia jicho, kisha akalitupa kwenye jua. Alielewa. Akasema yeye kama mweka hazina hawezi kupokea mali bila kuijaribu. Akaenda kwenye rundo la mipira mibovu, akachagua kwa makini ule uliotobolewa na mchongoma tangu kabla ya Ramadhani, akamkabidhi Mzee.

Mzee Bwanausi akapiga pampu. Akapiga, akapiga, mpira ukavimba nusu na kukaa hapo. Kila ulipoanza kulia fsss Bi Miza alikohoa. Bwana Mazin, mtu wa vifaa, aliusikia mlio ule tangu mara ya kwanza. Niliona nyusi zake. Lakini hakuwa na haraka. Akauliza kama chai ipo, na chai ikaletwa, na Mzee akaendelea kupiga pampu mpaka jasho likamlowesha kola, akisema pampu ni nzuri ila ina aibu ya mgeni.

"Tuseme inafanya kazi," akasema mwishoni. "Mwanangu, andika sindano."

"Sindano kwa tarakimu au kwa maneno, Mzee?"

"Moja. Andika moja."

"Moja ya pampu, au moja ya..."

Adhana ya magharibi ikaingia.

Kalamu yangu ilikuwa bado hewani. Mzee akaweka pampu chini, akanawa, tukaenda kuswali. Baada ya sala tukatoka nje, sisi na watu wengine waliokuwa wamesikia habari, wakasimama uwanjani kimya kama wanaosubiri kona kupigwa. Mbingu ya magharibi ilikuwa na rangi ya chungwa na kipande kimoja cha wingu. Mikdad ndiye aliyeona kwanza. Aliinua kidole tu na kukishusha haraka.

Ulikuwa hapo juu ya mlingoti wa goli, mwembamba kama kucha iliyokatwa.

Watu wote wakamgeukia Mzee Bwanausi, kwa sababu shahidi ni yeye. Nilijua anachoweza kufanya. Angesema ni wingu, na sisi tungesema ni wingu, na mwezi ungekuwa wa thelathini, na kesho asubuhi pampu ingekuwa yetu. Alikodoa macho. Akavua kofia, akaifuta, akaivaa. Ametutangazia Ramadhani arobaini na Idi zake, na sijawahi kusikia mtu akisema alikosea.

"Mwezi umeandama," akasema. "Mikdad, mwanangu, mkataba umekwisha."

Akasoma dua ya mwezi mpya, nasi tukaitikia. Kisha akaenda kukaa peke yake juu ya mpira uliovimba nusu, ukatoa fsss hadi mwisho.

Bwana Mazin alimsogelea Mikdad akampa mkono. Mikdad akaupokea, lakini hakuuachia.

"Bwana Mazin, sasa unanunua kwa nani?"

"Kwako. Hakuna mwingine tena."

"Mshahara tutazungumza kesho, na Katibu awepo. Lakini kabla ya mshahara ninataka nyavu. Mbili. Pampu rudi nayo dukani."

Bwana Mazin akatazama lile goli, akamtazama Mzee aliyekaa chini. Akasema hilo halina shida. Nyavu ziko kwenye pikapu tangu siku ya kwanza. Alizifuta kwenye karatasi tu. Kuzishusha garini aliona ni kazi.

Asubuhi yake, siku ya kwanza ya mfungo saba, akina mama wa mwani walizifunga nyavu kwenye milingoti kwa mafundo yao yale yale ya kwenye kamba, na Bimdogo alimfokea kila aliyefunga ovyo. Mimi nilikaa chini ya goli na karatasi kwenye magoti, naandika mkataba wa Mikdad, yeye akisema na Bwana Mazin akiitikia. Aliomba ruhusa ya kurudi nyumbani kila Maulidi. Nikamuuliza siku ngapi. Akasema saba. Nikamuuliza zianze lini, nikaandika tarehe ya mfungo na tarehe ya mwezi wa Kizungu, zote mbili. Alisubiri nimalize kila mstari ndipo aendelee na mwingine, na mara moja aliniuliza kama nimechoka.

Mzee Bwanausi alikuwa amesimama juu ya stuli ameshikilia pembe ya wavu. Vumbi la mwani lilikuwa kwenye nguo za wote. Nikaona uso wake unajikunja, mdomo unafunguka, na wote tukasimama tulivyo, Bi Miza na kamba yake mdomoni.

Akapiga chafya. Wavu mzima ukatikisika.

"Alhamdulillahi."

"Yarhamukallah," tukajibu.

Niliinua kalamu kwenye karatasi.

"Samahani, Mzee," nikasema. "Ulikuwa unasema neno?"

"Hapana, mwanangu," akasema. "Safari hii ni chafya tu."